Miguu Hupigiwa Mihuri, Fedha Nazo Je?

Mwaka 2023 watu zaidi ya 446,000 walipokea hati ya kukamilisha hija katika mji wa Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Walio wengi walifika kwa miguu. Njia iliyo mashuhuri zaidi huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa, ikavuka milima ya Pyrenees na kupita Pamplona, Burgos na León. Urefu wake ni kilomita 780 hivi, yaani mwendo wa mwezi mzima au zaidi.

Miongoni mwa mahujaji hao wamo wanaotembea ili kuchangisha fedha. Kabla ya kuondoka huwaendea ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzao, wakaomba ahadi ya kiasi fulani kwa kila kilomita, kwa faida ya wagonjwa, yatima au watu waliokumbwa na maafa. Nia hiyo ni njema na yastahili sifa. Hata hivyo, wema usio na hesabu haukawii kugeuka dhuluma, na hilo ndilo jambo lipasalo kutazamwa kwa makini.

Njia ya Santiago yenyewe ni zao la hisani. Tangu karne ya 9, ilipoaminiwa kwamba kaburi la Mtume Yakobo limeonekana huko, wasafiri walipita nchi ngeni bila fedha wala jamaa. Katika karne ya 11 mcha Mungu mmoja aliyeishi upweke, jina lake Domingo, alijitolea kutengeneza barabara, kujenga daraja na kuwahifadhi wasafiri. Alifariki mwaka 1109, na mji uliokua mahali pale huitwa hadi leo Santo Domingo de la Calzada, yaani Mtakatifu Domingo wa Barabara. Watawa na wafalme nao walijenga nyumba za kuwalaza na kuwauguza mahujaji. Zama hizo, aliyetembea ndiye aliyekuwa mhitaji.

Leo mambo yamegeuka. Hujaji aliye wengi ana mshahara, likizo, viatu imara na tiketi ya kurudia kwao. Amekuwa mwombaji kwa niaba ya mwingine ambaye hayupo njiani. Hapo ndipo wajibu wake unapozidi kuwa mzito, kwa maana anayeombewa hana nafasi ya kuona kilichokusanywa.

Majengo nayo yana somo la kutoa. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella walijenga mjini Santiago hospitali kubwa kwa ajili ya mahujaji maskini na wagonjwa. Jengo hilo lingali limesimama mbele ya kanisa kuu, lakini tangu mwaka 1954 ni hoteli ya kifahari. Yawezekana kabisa kitu kikabaki na kuta zake zote, huku wale waliokusudiwa wakiwa nje.

Hatari hiyo ndiyo inayoyanyemelea matembezi ya hisani. Ikiwa nauli, viatu na malazi ya mtembeaji vinatolewa katika fedha za michango, basi mnyonge amegeuzwa mfadhili wa matembezi ya mwenye nacho. Kanuni ya haki ni nyepesi: mtembeaji ajigharimie safari yake, na kila senti iliyotolewa kwa jina la mhitaji imfikie mhitaji. Vilevile, katika njia ile zipo nyumba za kulala ambazo hazina bei. Kila mtu huacha sandukuni kadiri ya uwezo wake. Mtu anayejitangaza kuwa anawahurumia maskini, kisha akalala humo na kuondoka bila kuacha kitu, hali anacho, ameiba kwa mkono mmoja akitoa sadaka kwa mkono wa pili.

Si haba kukumbuka mfano wa Uingereza. Mwaka 2020 mzee Tom Moore, askari wa zamani mwenye umri wa miaka 99, alitembea akizunguka bustani yake mara 100 na kuchangisha zaidi ya pauni milioni 30 kwa mashirika ya hisani ya huduma ya afya ya taifa lake. Fedha hizo zilikuwa na mpokeaji anayejulikana. Lakini kuhusu taasisi nyingine iliyoundwa baadaye kwa jina lake, tume inayosimamia mashirika ya hisani ilitoa ripoti Novemba 2024, ikieleza kwamba watu wa familia yake walikuwa wamejinufaisha. Sifa ya mzee aliyetembea kwa moyo safi haikutosha kuzilinda fedha.

Afrika Mashariki si ngeni katika mambo haya. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka Uganda, Kenya na Tanzania huenda kwa miguu hadi Namugongo. Matembezi ya kuchangia madawati, zahanati na wagonjwa nayo yamekuwa ya kawaida. Mara nyingi anayekabidhiwa orodha ya michango ni mwalimu au mtumishi wa ofisi, kwa sababu anaaminika. Imani hiyo ni amana. Hapana budi kila mchango upewe stakabadhi, fedha ziwekwe benki na si mfukoni, na matumizi yatangazwe mbele ya waliotoa. Tena mchango ubaki kuwa hiari: kumkata mtu mshahara bila ridhaa yake, au kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa mchango, si hisani hata kidogo.

Aidha isisahauliwe kwamba hisani haiwezi kushika nafasi ya wajibu wa umma. Mgonjwa hapaswi kungoja mpaka apatikane mtu wa kutembea kilomita 780 ndipo apate dawa. Matembezi huziba pengo. Nguzo ya nyumba ni kodi inayolipwa kwa uaminifu na kutumiwa kwa uaminifu.

Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Lakini kupokea kwa niaba ya wengine ni hesabu. Huko Santiago hakuna apewaye hati kwa kusema tu kwamba ametembea. Hutakiwa kuonyesha kitabu chake chenye mihuri ya mahali alipopita, na awe amekwenda angalau kilomita 100 kwa miguu. Ikiwa nyayo zinadaiwa ushahidi kiasi hicho, fedha za wanyonge zinastahili kudaiwa zaidi.