Shamba la Nabothi liko hapa Lualaba



Kandokando ya Kolwezi habari ni ile ile. Watu wanafika na kamba na rangi, wanapima mashamba, halafu tunasikia kampuni itachimba hapo. Mihogo ingali ndani ya bulongo, mahindi hayajakomaa. Siye wakulima tunabaki kuulizana: nani alitia saini?

Swali hilo ni la zamani. Limo katika kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 21, maandiko ya Wayahudi tuliyoyapokea makanisani. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme Ahabu. Mfalme akalitaka apande mboga. Aliahidi makuta, hata shamba lingine lililo bora. Nabothi akakataa: ni urithi wa baba zake. Ndipo malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akapiga muhuri. Wazee wa mji wakatii, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe. Nabii Eliya akamfuata mfalme ndani ya shamba lenyewe kumwambia hukumu yake.

Wengi wetu tukisoma tunamwona Ahabu tu, yaani wakubwa na kampuni. Lakini wale wazee walikuwa majirani wa Nabothi. Bila wao, ule muhuri ungebaki wino mtupu. Hata kwetu, kuna anayeandikisha shamba la mjane kwa jina lake, na kuna anayetia saini kwa niaba ya wote bila kuwauliza wote. Hilo hatuwezi kulisukumia kampuni peke yake.

Kweli, hatuko sawa na Nabothi kwa kila kitu. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, kwa hiyo kusema “hapana” mara nyingi hakutoshi. Lakini Kodi ya Migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamlazimisha mwenye kibali kumlipa mkulima anayepoteza shamba. Pia inadai angalau 0,3% ya mauzo ya kampuni inayochimba iende kwenye maendeleo ya vijiji vinavyoguswa na mgodi. Haki hiyo ipo, lakini asiye na karatasi ataidaije?

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kooperativa iandike leo mashamba ya wanachama wake: mwenye shamba, mipaka, mimea. Mashamba ya bamama yaandikwe kwa majina yao wenyewe. Tusingoje siku ya kupimwa. Pili, mtu mmoja asitie saini peke yake. Karatasi isomwe kwa sauti mbele ya mkutano, kwa Kiswahili, kabla ya kalamu kuigusa.

Tatu, tuanzie kwetu. Walawi 19 inakataza mizani na vipimo vya udanganyifu. Meka iliyopondwa chini ili ibebe unga kidogo, nayo ni barua ya Yezebeli, ila ndogo. Tukimwibia mama sokoni kwa meka, tutamlilia nani tukiibiwa hekta?

Eliya alisema ukweli akiwa amesimama shambani. Siye tuko shambani kila siku. Tuseme mapema, tuseme pamoja, na majina yetu yawe yameandikwa.