Asiye na Mjomba Ngorongoro

Kila nikipita Karatu nakutana na msemo uleule: "Kazi ni kujuana tu, bwana." Wanaousema wengi wamemaliza chuo, na wanausema kuzidharau ofisi za ushauri wa ajira vyuoni. Mimi naugeuza: kwa kuwa kazi ni kujuana, ndiyo maana ofisi ile inatakiwa.

Mtoto wa mwenye hoteli hahitaji mshauri. Anakula naye chakula cha jioni. Lakini binti wa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, anayesoma fasihi, atamjua nani pale Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro? Anazungumza Kiiraqw, Kiswahili na Kiingereza, na kuandika anajua. Ngorongoro ni Urithi wa Dunia tangu 1979, watu wanatoka Ujerumani kuja kusimuliwa habari zake, na msimulizi yupo hapohapo. Ila hakuna aliyemwambia kwamba hiyo nayo ni kazi.

Anachopewa ni barua ya fildi iliyoandikwa "Kwa Yeyote Anayehusika", azunguke nayo vumbini, loji hadi loji. Huyo yeyote ni nani? Likizo inaishia getini, kwa mlinzi.

Wakuu wa vyuo, ushauri wa ajira si semina moja ya kuandika siivii, wiki ya mwisho ya mwaka wa tatu! Mpigieni simu meneja, muandike jina lake kwenye barua. Nanyi wanafunzi, gongeni mlango ule mwaka wa kwanza, muulize barua yenu inakwenda kwa nani, na msitoke mpaka mpewe jina.