Mgonjwa na mfiwa waachiwe kazi

Ndugu zangu Waislamu, hapa kwetu Majengo mtu akipata msiba au maradhi marefu tunamhurumia hadi tunamharibu. Mjane akiwa edani haguswi hata sinia la kuchambua mchele. Mzee aliyepooza upande mmoja analazwa mkekani na kuambiwa, "Babu, wewe pumzika tu." Apumzike mpaka lini?

Binadamu hustahimili mazito akijua bado anahitajika. Daktari Viktor Frankl wa Vienna, aliyefungwa katika kambi za Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1946. Na tusiende mbali. Jirani zetu wa Katumba, waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, walikuta pori. Sidai kwamba jembe liliwafuta machozi, lakini palikuwa na shamba la kufyeka na watoto wa kulisha.

Basi mzee apewe wajukuu awasikilize Juzuu Amma. Ulimi ukiwa mzito, masikio yanasikia. Naye mwenye eda si mgonjwa. Miezi minne na siku kumi ni mingi mno kukaa bila shughuli.

Wala tusiseme anayelia ana imani haba. Nabii Yakub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, na hakukata tamaa na Mola wake. Ila aliyekosa usingizi na hamu ya chakula wiki mbili, au anayesema bora afe, apelekwe hospitali leo hii, asiachwe peke yake. Dua tutaomba njiani.