Istilahi Hukomaa Motoni

Kauri ya zirkonia ikipita nyuzi 1170 hivi za Selsiasi, mpangilio wa fuwele zake hubadilika. Ikipoa, huurejelea ule wa awali. Hata hivyo, unga wake wenye chembe za nanomita chache tu huweza kuuhifadhi mpangilio wa joto kali hata ukishapoa. Ukiokwa kupita kiasi, chembe huungana, hukua, na uwezo huo hupotea.

Je, maelezo haya yamekishinda Kiswahili? La hasha! Chembe, fuwele, tanuri, kuoka: baadhi ya maneno haya mfinyanzi aliyatumia kabla ya mwanakemia. Kinachokosekana si msamiati bali matumizi. Istilahi isiyotumika darasani na maabarani hubakia udongo mbichi. Wanaisimu na wanasayansi na waketi pamoja. Udongo uwahi ungali maji.