Mwenye Duka la Chupi Alikuwepo Tangu 1987

Kijana anayenijazia muvi kwenye flashi, kichochoroni nyuma ya Mtaa wa Aggrey, anaamini kwamba mambo ya wanawake kupiga watu ngumi kwenye muvi yameanza juzi. "Anti, zamani muvi zilikuwa muvi," aliniambia. "Siku hizi Wazungu wanalazimisha. Kila shujaa demu." Wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu walitikisa vichwa kukubali. Mmoja akaongeza kwamba hata katuni za Kijapani zimeshaharibika.

Maneno hayo nimeyasikia saluni na kwenye daladala, na kwa watu waliosoma kumzidi yule kijana. Ni uongo, tena uongo wa kivivu. Humo humo kwenye flashi aliyoishika mlikuwa na Bubblegum Crisis, katuni ya sehemu nane iliyoanza kuuzwa Japani Februari 1987 na kukatika Januari 1991, kabla ya kufika mwisho uliokusudiwa, kwa sababu kampuni zilizoitengeneza zilikosana. Haikupitia televisheni, iliuzwa kwa kanda moja kwa moja, kama Bongo Movie zetu za baadaye. Mwaka ilipoanza, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja (Zanzibar walishatutangulia), na huyu mwanahistoria wangu wa kichochoroni alikuwa hajazaliwa. Wanawake wanne walikuwa tayari wanavunjavunja maroboti.

Nimeirudia mwezi huu usiku baada ya usiku. Ni Tokyo ya mwaka 2032. Tetemeko la 2025 limeuangusha mji, kampuni moja iitwayo Genom imeujenga upya kwa maroboti yake, na katika kuujenga imejikuta inaumiliki. Mtu wa Kariakoo hapo hahitaji mkalimani. Soko letu lilipoungua Julai 10, 2021, ramani ya jengo jipya haikumnyima mfanyabiashara usingizi. Kilichomnyima usingizi ni kujua nani atarudi kwenye kizimba chake.

Sasa watazame hao wanawake. Sylia, kiongozi wao, ana duka la nguo za ndani za kike. Mbele chupi na sidiria, nyuma ghala la silaha na mavazi ya chuma. Baba yake ndiye aliyebuni yale maroboti, na Genom wakamuua. Linna anafundisha mazoezi ya viungo na anapenda hela bila kuona haya. Nene ni karani wa polisi, na siri za kituo anazitoa nje. Priss anaimba kwenye bendi na polisi hataki hata kuwaona. Wanapigana kwa malipo, na malipo yakiwa madogo wananung'unika. Nenda Mtaa wa Kongo uniambie ni yupi kati yao hujawahi kununua kitu kwake.

Kilichonishika zaidi safari hii ni kwamba hakuna anayeuliza kwa nini wao ni wanawake. Hakuna hotuba. Sylia hasimami juu ya kifusi kumtangazia mtazamaji kwamba mwanamke anaweza; ana kazi ya kumaliza kabla hakujapambazuka, na asubuhi afungue duka. Hapo nampa kijana wangu nusu ya hoja yake: zipo muvi za siku hizi ambamo shujaa wa kike anahubiri kuliko anavyotenda, na zinachosha. Lakini huo ni uandishi mbovu, na uandishi mbovu hauna jinsia. Tumeangalia wanaume wakihutubia huku mabomu yakilia nyuma yao miaka arobaini, na hakuna aliyesema wanaume wamelazimishwa.

Nisiipambe kupita kiasi. Waliochora katuni ile, akiwamo Kenichi Sonoda aliyebuni sura za wahusika, walichora kwa jicho la kiume. Mavazi ya chuma yanabana mahali ambapo chuma hakina sababu ya kubana, na picha hujisahau bafuni. Hilo linaniudhi leo, na nadhani lingeniudhi hata mwaka ule. Ila mwanamke kuchorwa na mwenye tamaa hakufuti alichokifanya ndani ya hadithi.

Na hata tuiache Japani. Huyo Priss, mwimbaji anayeshuka jukwaani na kuingia vitani, anamshangaza nani katika mji huu? Bi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma hapa Dar es Salaam kabla ya kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955, na njia aliyoitumia kuwafikia ilikuwa vile vile vikundi vya ngoma ambavyo wanaume wa chama wangeviona vya kupitisha jioni. Barabara yenye jina lake haiko mbali na kichochoro cha yule kijana. Anaivuka, halafu anakaa kwenye stuli na kusema mwanamke jasiri ameagizwa kutoka ng'ambo.

Mimi naona tatizo liko masikioni. Wengi wetu tulizijua muvi za nje kupitia watafsiri, wale waliofuata njia ya Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu: mwanaume mmoja, kipaza sauti kimoja, na watu wote wa kwenye muvi mdomoni mwake. Nawapenda, wamefanya kazi ambayo wizara haikuifanya. Lakini shujaa wa kike akipita mle hutoka na sauti ya kiume na jina la "demu". Akiua watu kumi, mtafsiri anasifia miguu yake. Tumewaona wanawake hawa miaka yote, ila hatukuwahi kuwasikia wakisema.

Basi nilimwomba kijana aicheze sehemu ya kwanza hapo hapo, bila tafsiri. Aliangalia kwa heshima ya mteja. Dada anayeuza sidiria kwa jumla mlango wa pili alisogea na kikombe chake cha chai, akasimama kimya mpaka mapigano yakaisha. Halafu akauliza, "Huyu mwenye duka, akitoka usiku hivi, duka anamwachia nani?"