Jani Lisipewe Sifa ya Ngozi

Kila ufikapo msimu wa maembe hapa Tabora, ubishi uleule hurudi uani kwangu. Mjukuu amekuja na midomo iliyovimba na vipele vya maji mikononi. Jirani yangu, bibi mtu mzima ninayemheshimu sana, naye amekwisha kuponda majani ya mwarobaini. "Mwalimu, ninyi wasomi mmeidharau dawa ya mababu," huniambia. Leo namjibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hunishinda.

Kwanza tujue kinachowasha. Kikonyo cha embe kikikatika hutoa utomvu mkali, wenye mafuta ambayo ngozi za baadhi ya watu haziyavumilii. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja na ule mmea wa kutambaa wa Marekani uitwao poizoni aivi, na mafuta yao yanafanana. Vipele havitoki papo hapo. Huweza kuchukua siku moja au mbili. Kisha hukaa wiki mbili au tatu, vikakauka vyenyewe.

Hapo ndipo penye hila. Maradhi yanayokwisha yenyewe humpa sifa kila mganga. Paka mwarobaini, vitakauka. Paka majivu, vitakauka. Usipake kitu, vitakauka vilevile. Ngozi imefanya kazi, jani limepewa sifa.

Tena, mababu wa nani? Mwembe asili yake ni Asia. Ulikuja kwetu kwa bahari, ukapandwa kufuata njia ya misafara ya pembe na watumwa, toka Bagamoyo, ukapita hapa Unyanyembe hadi Ujiji. Mwarobaini nao ulitoka Bara Hindi. Basi sumu ni mgeni, na dawa ni mgeni! Sisemi kwamba mgeni hafai. Nasema ukongwe wa desturi si ushahidi.

Wamarekani nao wana jani lao, la mmea wa kandokando ya vijito wenye shina la majimaji, waliloonyeshwa na wenyeji wa nchi ile. Mwaka 1997 watafiti walitangaza kwamba kimiminika kilichokamuliwa humo hakikutibu vipele vya poizoni aivi. Mwaka 2012 wengine walipaka majani mabichi yaliyopondwa mara baada ya ngozi kuguswa na sumu: vipele vilipungua, lakini sabuni ilifanya vizuri zaidi. Tazama basi! Jani halikuwa bure, ila lilishindwa na mche wa sabuni.

Msinifanye adui wa miti shamba. Tangu 1974 pale Muhimbili wapo wataalamu wanaochunguza dawa zetu za asili, na mwaka 2002 nchi ilitunga sheria ya tiba asili. Nawaunga mkono. Jani likipimwa likafaa, nitalipanda mlangoni. Ninachokataa ni jani kukaa mahali pa sabuni, na mahali pa daktari.

Ninayo sababu ya kukataa. Mwaka 1978, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alipanda mwembe akarudi na utomvu usoni. Siku ya pili jicho lilivimba. Wenzake walimkanda kwa majani bwenini, wakaja kuniuliza kama wampeleke hospitali. Nikawaambia waendelee, kwani hata mimi mama yangu alinitibu hivyo, nikapona. Siku ya nne jicho lilifumba, usaha ukatoka. Hospitali ilimwokoa, lakini mazoezi ya kufundisha yalimpita, akarudia mwaka mzima. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yule kijana alilisikia la mkuu, ndilo lililomponza.

Kwa hiyo, bibi yangu, fanya hivi. Mtoto akiguswa na utomvu, mwoshe pale pale kwa sabuni na maji mengi ya baridi, mpaka chini ya kucha, na nguo yake ifuliwe. Embe lioshwe na limenywe kabla ya kutiwa mdomoni. Vipele vikitoka, asijikune. Vikifika machoni, au uso ukivimba, au usaha ukionekana, usitafute jani, tafuta gari.

Na kama bado unabisha, mimi nami ni wa kuwashwa na maembe toka utoto. Msimu ujao nikitokwa na vipele mikono yote miwili, njoo na majani yako. Mkono wa kulia utaupaka, wa kushoto tutauacha, tuhesabu siku pamoja. Wa kulia ukitangulia kupona, nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima. Lakini tutaanza kwa kunawa.