Hofu ya usukani wa kushoto isitufanye abiria wa madalali

WAFANYABIASHARA wengi wa mchele wa Kahama na Shinyanga wanaijua Kigali kwa soko lake, lakini hawaijui kwa barabara zake. Wanashuka kwenye basi, wanapokelewa na dalali mwenye gari, na kuanzia hapo macho yao ni macho ya dalali. Anawapeleka kwa mnunuzi anayemtaka yeye, wanasikia bei moja, wanapeana mikono, kisha wanarudi nyumbani wakisema soko la Rwanda limeshuka.

Ukiwauliza kwa nini hawakodi gari wakazunguka wenyewe, jibu ni lile lile: kule wanaendesha upande wa kulia, tutagonga watu. Sitawacheka, maana hofu hiyo nimeionja.

Mwaka 2023 nilifuatana na wafanyabiashara watatu wa mchele kwenda Kigali. Kati yetu mimi pekee ndiye niliyekuwa na leseni, hivyo tulipokubaliana kukodi gari, ufunguo uliangukia mikononi mwangu. Usukani kushoto, gia mkono wa kulia. Kona ya kwanza nilitaka kuwasha indiketa, nikawasha waipa, na jua linawaka. Kisha tukafika kwenye kipilefti. Kwetu unaingilia kushoto, kule unaingilia kulia, na jina lenyewe halikunisaidia kitu. Nilisimama hadi wa nyuma wakaanza kupiga honi.

Lakini tulifika. Siku ile tuliwaona wanunuzi watano, wengine Kimironko, wengine Nyabugogo, na kila mmoja alikuwa na bei yake. Kwa mzigo wa tani 10, tofauti kati ya bei ya chini na ya juu ilitosha kulipia gari kwa siku tatu pamoja na mafuta, na fedha ikabaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu ya usukani nayo ina gharama, ila hatuiandiki kwenye daftari la matumizi.

Sisemi madalali wote ni wabaya. Dalali mzuri anakuokolea muda. Ninachosema ni kwamba anayekulipia usafiri ndiye anayekuchagulia bei. Kama huendeshi vizuri hata nyumbani, usijaribu ugenini. Kodi gari pamoja na dereva, umlipe wewe kwa siku, akupeleke unakotaka wewe.

Kwa mwenye leseni na uzoefu, dawa ya hofu ni maandalizi. Omba gari la otomatiki, ili mkono usihangaike na gia wakati akili inahangaika na barabara. Ulizia kabla ya safari kama leseni yako inakubalika au unahitaji kibali cha kimataifa cha udereva. Soma mkataba: bima inalipa nini, wewe unabeba kiasi gani gari likiharibika, na kama linaruhusiwa kuvuka mpaka. Lipige picha pande zote kabla ya kuondoka, ukwangue wa zamani usije ukawa deni lako.

Anza asubuhi mapema, mitaa ikiwa mitulivu, uzunguke nusu saa kabla ya kuingia mjini. Kumbuka kanuni moja rahisi: kwenye gari la usukani wa kushoto, dereva akiendesha kulia anakaa upande wa katikati ya barabara. Ukiona wewe ndiye uliye karibu na mtaro, umekosea njia. Fuata vibao vya mwendo, kwani kamera za barabarani Rwanda hazina mjomba. Na usipange safari asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo shughuli za usafiri husimama hadi saa 5:00 kwa saa za kule, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Hata hivyo, hatari kubwa haikuwa siku ya kwanza. Ilikuja siku ya tatu, wakati hofu imekwisha. Tulitoka kituo cha mafuta, barabara ikiwa tupu, mazungumzo yamenoga, nami nikaingia kushoto kama niko Kahama. Mama mmoja kati ya wenzangu, ambaye hajawahi kushika usukani, ndiye aliyepiga kelele: "Mdogo wangu, kulia! Kulia!" Pikipiki iliyobeba abiria ilitupita karibu sana. Tulikaa kimya hadi hotelini.

Wasweden walihama kutoka kushoto kwenda kulia, nchi nzima kwa siku moja, Septemba 3, 1967. Ajali zilipungua kipindi cha mwanzo, kwa kuwa kila mtu aliendesha kwa tahadhari. Watu walipozoea, zikapanda tena. Kwa hiyo hofu kidogo ni mali. Inayotuumiza ni ile ya kutufungia ndani. Tangu siku ile, kila tunapotoka kwenye maegesho au kituo cha mafuta, abiria wa mbele ana kazi ya kutamka "kulia" kabla gari halijasogea. Kazi hiyo haihitaji leseni.

Ushauri wangu kwa vyama vya ushirika na vikundi vya wafanyabiashara ni huu: msiende mmoja mmoja. Nendeni watatu au wanne, mchangiane gari, na kati yenu awepo dereva mzoefu. Tunalalamikia bei kila msimu, lakini wengi wetu tumeisikia kutoka kiti cha nyuma. Msimu huu tukaiulize wenyewe, polepole, upande wa kulia.